Mawe meupe ya Lakoti: nilivyobakiza siku mbili shangazi yangu afukuzwe kijijini kwa uchawi

Wakuu, habari za Jumapili. Walio kwenye jua poleni, walio kwenye matope kama sisi huku poleni zaidi.

Ninachoandika ni kweli tupu, na nusu yake inanitia aibu mimi mwenyewe. Mtu akitunga stori huwa anajipamba. Humu hamtaniona nimejipamba popote, kwa hiyo mniamini.

Mimi ni motard, nyie mnasema bodaboda, hapa Kamina, Haut-Lomami, Kongo. Kabla ya pikipiki nilikuwa tingo wa malori mpaka Tunduma. Huko ndiko nilikookota Kiswahili cha kuandika na kulijua jukwaa hili. Kikinichomoka cha Katanga mnivumilie, ndicho nilichonyonya.

Naandika nimeshiba, nimelala vizuri, na roho imetulia kabisa. Ijumaa ya wiki iliyopita saa kama hizi nilikuwa siwezi kumeza hata maji.

Sasa twende taratibu.

Nje ya mji, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki, kuna mlima karibu na kijiji chetu. Nasema mlima kwa heshima tu. Nchi yetu hapa ni tambarare, kwa hiyo kichuguu kikizidi kimo cha nyumba tunakipa jina. Huu tunauita Lakoti. Ni Kifaransa cha babu zetu, la côte, yaani mpando.

Zamani za Wabelgiji, wazungu wa reli na wazungu wa maduka walikuwa wanaleta magari yao Lakoti kushindana kupanda.

Hazikuwa mbio za kufukuzana. Gari linapanda moja moja. Unasimama chini kwenye sakafu ya sementi, mtu anashusha bendera, saa inaanza kuhesabu, unapandisha kona kumi na moja mpaka juu kwenye uwanda, saa inasimama. Aliyetumia muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Anapigiwa makofi, anakunywa bia yake, Jumatatu anarudi kazini.

Ilikuwa kila kiangazi. Kabla ya siku yenyewe wanakijiji walifyeka, wakafagia barabara yote kwa mifagio ya majani, wakamwaga maji kupoza vumbi. Wakimaliza wanaambiwa wakae mbali, wasikanyage.

Kapita wa kazi hiyo, yaani msimamizi, alikuwa babu yangu mzaa baba, babu Ilunga. Hakujua kusoma wala kuandika, ila barabara ile aliijua kuliko mke wake. Hayo ni maneno ya bibi mwenyewe, na alikuwa anayasema kwa hasira.

Uhuru ukaja, wazungu wakaondoka na magari yao, Lakoti ikabaki ya mbuzi. Mimi nimezaliwa nikakuta ile sakafu ya sementi imepasuka, nguzo moja ya chuma juu kileleni, na mawe.

Mawe ndiyo stori yenyewe.

Kila kona ina mawe makubwa pembeni, kona nyingine moja, nyingine mawili, nyingine matatu. Na mawe yale ni meupe. Miaka yote hii ni meupe, kwa sababu kila kiangazi kuna mtu anayapaka.

Mtu huyo ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Tantine Ngoie.

Ni mwanamke wa miaka sabini na ushee, mwembamba, mkavu, na mdomo wake haupumziki. Mume wake alifariki zamani. Binti yake ameolewa Kinkondja, kule ziwani. Anaishi peke yake nyumba ya mwisho kijijini, chini ya Lakoti. Asubuhi za kiangazi anapanda na ndoo na brashi ya majani, anapaka jiwe, anahama, anapaka jingine, huku anahesabu kwa sauti kwa Kiluba.

Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunamcheka. Kijiji kizima kilisema mama huyu anangojea wazungu warudi na magari yao. Hakuna aliyemuuliza. Ilikuwa utani mzuri, na utani mzuri hauulizwi.

Ila kuna jambo lazima mlielewe. Tantine hana hela ya chokaa. Anapaka pemba, ule udongo mweupe wa mtoni. Na kwetu Baluba, pemba si rangi ya kuchezea. Pemba ni ya mizimu. Ukikuta pemba imepakwa kitu njiani, unapita mbali.

Weka hilo kichwani, tuendelee.

Mwaka jana mvua ilikata ile barabara ya kawaida ya kwenda mashambani uwandani. Ikafunguka korongo linalomeza lori. Sisi motards tukahamia Lakoti. Njia nzuri ajabu, wakuu! Wale watu walijua kujenga. Unapanda na gunia mbili za mahindi na mama wa watu nyuma, injini haigugumii.

Halafu ajali zikaanza.

Wa kwanza alivunjika mguu. Wa pili mkono. Wa tatu alikuwa mdogo wake Kalenga. Kalenga ndiye présidenti wa parking yetu, yaani mwenyekiti wa kijiwe, kijana mwenye kifua na sauti, wote tunamsikiliza. Mdogo wake alivunjika taya, akawa anakunywa uji kwa mrija kama mtoto.

Wote watatu walikuwa wanashuka. Wote watatu walianguka kona ileile, ya saba ukihesabu kutoka chini. Waliacha barabara wakaingia moja kwa moja bondeni. Na wote watatu walisema neno moja: niliona njia iko mbele yangu.

Haya, niambieni nyie. Watu watatu wanaona njia pasipo na njia. Kona moja. Na kuna bibi anayepaka pemba pale na kuhesabu.

Halafu mwenzetu mmoja akaapa alimwona Tantine anaweka matawi yaliyopakwa pemba katikati ya kona ile ile. Tuliyakuta kweli. Tukayasukuma na fimbo, maana nani atayashika kwa mkono?

Maneno hayo yalienea parking haraka sana. Mulozi. Mchawi. Anahesabu watu, si mawe. Ana mbao ya misumari nyumbani, kuna mtu aliichungulia dirishani.

Na mimi?

Wakuu, hapa ndipo pa aibu. Niliamini. Si yote, ila niliamini ya kutosha. Tantine akiniita kula bukari na sombe, ndio ugali na kisamvu, nasema nimeshiba, naumwa tumbo, nina mteja. Niliacha kula kwake kabisa. Mwanamke aliyenibeba mgongoni mama yangu alipokuwa anaumwa.

Mbaya zaidi, siku moja jamaa wa parking wakaniuliza, ule si shangazi wako? Nikajibu kwamba kwetu huku kila mama mzee tunamwita tantine. Nikaongeza na kicheko. Wakanipa sigara.

Sijisamehe hiyo mpaka leo, tuendelee.

Alhamisi ya wiki iliyopita, mchana, Kalenga akaita mkutano wa parking. Hakuzunguka. Alisema Jumamosi tunapanda kijijini wote, pikipiki zote, tunamtoa yule mama. Asiguswe, alisema, atolewe tu. Nyumba ifungwe, aende anakotaka kwenda.

Mnajua "asiguswe" ya kundi la vijana wenye hasira inaishia wapi. Na mimi nilijua. Nikatazama viatu vyangu.

Aliyefungua mdomo alikuwa Papa Tshibangu. Ni mzee wa Kikasai anayetuuzia vipuri pale parking, mtu mpole, mchoyo wa maneno. Familia yake walifukuzwa kwenye mji wa madini kusini katika zile fujo za miaka ya tisini. Walipanda treni kurudi Kasai, ikawafikisha Kamina, wakaishia hapa. Hajawahi kutusimulia. Siku hiyo alikuwa ameshika cheni ya pikipiki mkononi, akasimama nayo hivyohivyo.

"Batoto, minyi nilikuwa na miaka kama yenu. Bantu balikuya ku mulango yetu, balisema: mutoke. Hapana mwenye aliuliza kitu. Ata ulizo moya. Mukitaka kufukuza ule mama, muulize kwanza. Sinon minyi siuzishe tena pièce hapa."

Yaani bila kumuuliza kwanza, duka lake linafungwa.

Kalenga akakuna kichwa. "Bon. Jumamosi haibadiliki. Lakini nani ataenda kumuuliza?"

Macho yote yakaja kwangu. Walikuwa wanajua muda wote, kumbe. Kicheko changu hakikumdanganya mtu.

Nilifika kwa Tantine alasiri hiyo hiyo. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinuka.

"Unakuya na mikono tupu na macho ya polisi," akasema. "Ukae."

Nikakaa. Nikazunguka, nikaulizia afya, nikaulizia kuku. Akaniacha nizunguke mpaka nikachoka. Mwisho nikamwaga yote: ajali, pemba, matawi, mbao, Jumamosi.

Alichambua maharage mpaka yakaisha. Akaniuliza jambo moja tu. "Na weye ulisema nini?"

Nikaokota harage lililoanguka chini. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na mbao.

Wakuu, ilikuwa ileile ya dirishani. Ni kipande cha mti mweusi, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, kimelainika kwa kushikwa. Kimejaa misumari na shanga. Nilikuwa tayari kukimbia.

"Hii aiko dawa," akasema. "Hii njo kazi ya babu yako." (Kwetu "njo" ni ndiyo.)

Akanishika kidole changu, akakiweka kwenye msumari wa kwanza chini kabisa.

Sikilizeni. Zamani, wazee wa Kiluba walikuwa na mbao zinaitwa lukasa. Historia ya wafalme iliwekwa kwa shanga, na mtu aliyefundishwa anapitisha kidole na kusimulia. Babu Ilunga hakujua karatasi. Walipompa ukapita wa Lakoti, alichonga mbao yake akaiwekea barabara nzima.

Safu kumi na moja, kona kumi na moja. Msumari ukiwa ukingo wa kulia, kona inakata kulia. Ukiwa wa kushoto, kushoto. Idadi ya misumari ni idadi ya mawe. Ushanga wa buluu, hapo maji yanapita chini, angalia pasibomoke. Hiyo ndiyo ilikuwa orodha yake ya kazi. Kila kabla ya mashindano anapanda nayo, anagusa, anatengeneza. Na binti yake mdogo nyuma, amebeba ndoo ya chokaa. Ndiye huyu Tantine.

Nikamwambia, sasa wazungu walishaondoka, Tantine, unawapakia nani?

Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyekula nguo. "Bazungu gani? Papa alisema barabara aijui gari ya nani. Mwenye kupita, apone. Njo vile."

Kwenye safu ya saba kulikuwa na misumari mitatu na ushanga mwekundu, mmoja tu kwenye mbao yote. Nikauliza. Akafunika na kiganja. "Ile tutaisema kule kule. Uambie benzako bakuye."

Najua kuna mtu hapo chini ataandika: mbona hakueleza tangu mwanzo? Nilimuuliza hilo hilo. Alisema hatukumuuliza, tulikimbia. Mtu akikimbia utamwelezea mgongo?

Jumamosi wakaja. Pikipiki kama thelathini, honi, moshi. Nusu ya kijiji ikatoka. Chifu wa kijiji alikuja akakaa kivulini, mtu wa tahadhari, alitaka kuona upepo unavuma wapi. Papa Tshibangu alikuja na baiskeli yake, amevaa suruali ya kanisani.

Tantine alikuwa tayari kwenye ile sakafu ya sementi, amefunga kitenge kizuri, kilemba kimekaa sawa. Mtu mmoja tu angeokota jiwe, basi.

Yeye hakungoja salamu. Akamkabidhi Kalenga mbao mkononi. Kalenga alirudi nyuma hatua mbili.

"Ushike! Aiumi. Weye utaangalia misumari, minyi nitatembea mbele bila kuangalia. Nikikosa ata moya, nitatoka leo leo."

Hiyo hakuwa ameniambia, wakuu. Nilitaka kupiga kelele. Amejiweka rehani mwenyewe!

Akaanza kupanda, mikono nyuma. "Kona ya kwanza, mukono ya kuume, jiwe moya."

Kalenga akaangalia mbao. Msumari mmoja, ukingo wa kulia. Akaangalia barabara. Jiwe moja, kulia.

"Kona ya pili, mukono ya kushoto, majiwe mbili, maji inapita chini."

Kweli. Misumari miwili, ushanga wa buluu, na chini ya barabara bomba la zamani ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kuliona, limefunikwa majani.

Ya tatu, kweli. Ya nne, kweli. Kwenye ya tano watu walikuwa wanakimbia mbele kuhakikisha kabla hajafika, wanarudi wanapiga makelele, iko! iko! Kama watu wa mpirani. Motards wakaanza kucheka. Kalenga alikuwa anapitisha kidole mwenyewe kwenye mbao, ameshasahau kuogopa. Ya sita tukapiga makofi. Nikajisemea yameisha, tumepona.

Tukafika ya saba.

"Mukono ya kushoto. Majiwe tatu."

Misumari mitatu. Na barabarani, mawe mawili.

Kati ya mawe yale mawili kulikuwa na pengo, na kupitia pengo kulikuwa na kijia kimekanyagwa kikakanyagika, kimenyooka kuelekea bondeni. Ukiwa unashuka kwa kasi, wallai hungejua kama barabara inakata. Unaona njia iko mbele yako.

Kicheko kilikatika.

"Ya tatu iko wapi?" Kalenga akauliza, sauti imebadilika. Halafu akapaza, na kwetu "kutosha" ni kutoa. "Weye njo ulitosha! Ulifungua mulango ile, bandugu yetu bangukie mule!"

Watu wakaanza kusogea. Mnajua ule mwendo wa watu wanaosogea bila kuambiana? Nikaona mmoja ameinama kuokota kitu.

Tantine hakurudi nyuma. Aliangalia lile pengo tu.

"Hapa njo yaya yangu Mwamba alikufa," akasema.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesikia jina hilo. Mimi ni damu yake na sikuwahi kulisikia.

Akasimulia akiwa amesimama. Huyo yaya, yaani kaka yake, alikuwa anashika bendera kona hii, kijana hajafika hata miaka ishirini. Mti ulikuwa umekatwa pale, pakaonekana mwanya, na gari moja lilipanda kwa kasi, dereva akapotea, hakukata. Likaingia moja kwa moja kwenye mwanya, alipokuwa amesimama Mwamba. Kesho yake babu Ilunga alipanda peke yake. Akaviringisha mawe matatu kwa mikono yake, akaufunga ule mwanya. Jioni akapigilia ushanga mwekundu.

"Jiwe ya katikati njo yake. Bapana juu, kama meza. Sasa minyi nitatosha jiwe ya yaya yangu?"

Wakuu.

Jiwe pana juu, kama meza.

Lilikuwa kwangu. Uani kwangu kijijini, karibu na pipa la maji. Ninaoshea pikipiki juu yake kila asubuhi, naweka mguu, naweka sabuni. Nililichukua mwenyewe mvua za mwaka jana zilipoisha, nikalifunga kwenye carrier, nikafika nyumbani nikasugua ile pemba kwa brashi ya chuma mpaka ikaisha. Nilijiambia jiwe ni jiwe.

Nilipoliondoa, wauza makaa wakaanza kukatisha na baiskeli zao kwenye pengo. Baiskeli zikatengeneza kijia. Kijia kikawadanganya watu watatu. Na yale matawi yenye pemba, mama wa watu alikuwa anajaribu kuziba, hana nguvu ya kuviringisha jiwe jingine, na sisi tukayatupa kwa fimbo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulikuwa tunamtafuta mlimani, kumbe kikulacho chenyewe ni mimi.

Nitawaambia ukweli wote. Nilifikiria kunyamaza. Hakuna aliyeniona siku ile. Ilinichukua muda wa kuhesabu mpaka tatu, na katika ile tatu nilikuwa nimeshampoteza Tantine kichwani, nimeshamwona anaondoka. Halafu akageuka akanitazama. Hakuwa ananishuku. Alikuwa anamtafuta mtu wake kwenye kundi, kama mtu yeyote angefanya.

"Kalenga," nikasema. "Minyi njo nilitosha. Iko kwangu. Ninaoshea pikipiki."

Kofi alilonipiga Kalenga bado nalisikia. La haki, sina malalamiko. Taya la mdogo wake lilikuwa kwenye kofi lile. Aliinua la pili, Papa Tshibangu akamshika mkono, akamwambia moja linatosha, ameuliza mwenyewe na amejibiwa.

Kalenga akakaa chini barabarani, mbao mapajani, akafunika uso. Yule aliyeokota kitu akakiachia, nikakisikia kinaanguka.

Tantine akanisogelea. Nilipiga magoti, si kwa kuigiza.

"Ilikuwa jiwe muzuri ya kuoshea?" akaniuliza.

"Ndiyo, Tantine."

"Yaya naye alikuwa muzuri."

Hapo nililia kama mtoto, mbele ya parking nzima, na wala sikujali.

Chifu sasa alishaona upepo unavuma wapi, akatoka kivulini akatangaza kwamba mama Ngoie hana kosa na hajawahi kuwa na kosa. Asante chifu. Hukumu yangu aliitoa Papa Tshibangu: jiwe lirudi leo leo, nilirudishe mimi, na injini isiliguse. Nilileta kwa injini, nitarudisha kwa kifua. Akanipa baiskeli yake.

Jiwe lile juu ya baiskeli, kupandisha kona saba. Ndugu zangu, wale wazungu walikuwa na magari! Kona ya kwanza mpaka ya nne nilisukuma peke yangu, kijiji kizima pembeni wananitania, wananiuliza nimetumia dakika ngapi, saa inahesabu. Mama mmoja alishusha kitenge kama bendera. Kwenye ya tano nikakwama kabisa, baiskeli ikaanza kunirudisha nyuma. Nikasikia uzito umepungua. Kugeuka, ni Kalenga, mabega yake nyuma ya jiwe. Tukasukuma.

Tulipoliweka mahali pake, Tantine alilipaka pemba mwenyewe, taratibu, mpaka chini. Motards wakachukua ndoo wakaenda kumalizia kona za juu. Mikono yao meupe mpaka viwiko, watu walewale waliokuwa wanashika matawi kwa fimbo. Wengine walipaka mpaka nguzo ya chuma. Tantine akawafuata anawagombeza wanaharibu pemba.

Mwenzangu, sijui nielezeje nilivyopumua. Kama mtu aliyeshushiwa gunia la mahindi kichwani, shingo bado inauma lakini ni maumivu matamu.

Nikamsindikiza nyumbani. Kufika mlangoni nikaona furushi. Limefungwa kwa kitenge, mafundo mawili makali, limeegemea ukuta.

Nikauliza hili nini. Akasema alilifunga Ijumaa. Angeenda Kinkondja kwa binti yake. Hakuwa na uhakika na sisi, alisema. Mbao ndiyo aliyokuwa na uhakika nayo.

"Ufungue weye," akaniambia. "Minyi nilifunga na nguvu, vidole vinaniuma."

Nikahangaika na yale mafundo. Ndani kulikuwa na vitenge viwili, sufuria, rozari, blanketi. Na chini kabisa mfuko mzito. Nikaufungua. Pemba. Kilo na kilo za pemba kavu.

"Tantine, Kinkondja ni ziwa. Iko maji tupu. Kule kuko mlima?"

"Apana."

"Sasa hii yote ulikuwa unaenda kupaka nini?"

Akafikiri. Nadhani hata yeye alikuwa hajajiuliza. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mitumbwi," akasema. "Ningepaka mitumbwi ya bantu."

Akachukua sufuria kutoka kwenye furushi, akawasha moto, akapika bukari. Nililamba sahani, akanipa nyingine.

Funzo langu ni dogo, wakuu. Sisemi uchawi upo au haupo, msije mkaniletea vita humu. Nasema hofu ilitufanya tuwe na majibu kabla ya swali. Na nasema ukikuta jiwe limekaa mahali, kuna mtu aliliweka. Mtafute kwanza.

Mnaosoma, niambieni: kwenu kuna mzee gani anayefanya kitu chake kila mwaka na mnamcheka, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini? Andikeni hapa nisome, nipo kijiweni sina mteja. Ila kabla hujaandika, nenda kamuulize.

Mimi niliishi chini ya mawe yale maisha yangu yote, nikauliza zikiwa zimebaki siku mbili.